Kula njiani Dar mpaka Mbeya na gari yako bila kumaliza hela ya mafuta

Mwaka wa kwanza tulipoenda Tukuyu, mbele ya Mbeya, krismasi na gari yetu wenyewe nilipiga hesabu ya mafuta mpaka mia ya mwisho, servisi nikafanya, matairi nikakagua, hela ya dharura nikaificha kwenye droo ya dashibodi, ila msosi sikuuwaza hata dakika moja maana nilijiambia chakula si kipo tu njiani bwana. Kipo kweli. Kilinitoa 142,000 kabla sijafika Mbeya, watu watano tu, na watatu kati yao ni watoto ambao sahani hata hawaimalizi.

Nikikuvunjia hiyo hesabu utacheka. Chai ya asubuhi 28,000, mchana chips kuku na soda 58,000, vitu vya dirishani njia nzima (korosho, biskuti, juisi za boksi, mahindi, tena biskuti) 21,000, na usiku Iringa tulikolala 35,000. Na kuku mwenyewe alikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Nililia kimoyomoyo maana hela ile ilikuwa lita kadhaa za petroli.

Tangu hapo tumeenda na kurudi mara nyingi na saivi njia nzima ya kwenda hainitoi hata 50,000 ya kula, na hiyo ni pamoja na vitu tunavyopika nyumbani. Hatujinyimi, watoto wanakula kuliko zamani. Nilichogundua ni kwamba chakula cha barabara ya TANZAM (hii ya Dar kupitia Mbeya kwenda Zambia) wala siyo ghali kivile, kinachokuwa ghali ni kuamua pa kula wakati tumbo limeshaanza kuunguruma na watoto wanalia nyuma, hapo utasimama popote penye bango kubwa na utalipa chochote utakachotajiwa.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari jua utakula wapi. Barabara yenyewe imekaa hivi: Dar mpaka Chalinze ni kama kilomita 100 na kidogo, Morogoro kama 190, Iringa kama 500, Mbeya zaidi ya 800. Ukitoka saa kumi alfajiri, Kimara na Kibaha unazipita kabla foleni haijaamka, na saa moja saa mbili asubuhi unakuwa umekaribia Moro ambapo ndo njaa ya kwanza inapiga. Njaa ya pili inakuja saa saba mchana na hapo unakuwa maeneo ya Ruaha Mbuyuni au unapanda Kitonga kwenda Ilula. Ya tatu jioni, Iringa au Mafinga au Makambako kutegemea mguu wako na matrafiki. Ukishajua njaa zako zinaangukia wapi kazi nusu umemaliza, inabaki kuamua ipi unaikata na cha nyumbani na ipi unaikata na cha kununua.

Mi nakata hivi: asubuhi cha nyumbani na chai ya moto ya kununua, mchana mama ntilie, jioni cha kununua tena kama tunalala njiani. Katikati hapo vitafunwa vyote vinatoka ndani ya gari.

Cha kupika nyumbani na cha kukiacha nyumbani

Hapa nilifeli vibaya mara ya pili. Baada ya ile aibu ya 142,000 waifu akasema basi safari hii tunapika kila kitu, akatupikia wali wa nazi na maharage ya nazi, hotpoti mbili zimefungwa vizuri usiku saa nne, za moto kabisa. Tulipofungua Mikumi saa tano asubuhi harufu ilitoka ikatusalimia sisi kwanza. Wali wa nazi unachacha haraka sana kwenye joto, kila mtu wa Pwani anajua, na sisi tulijua pia ila tulijidanganya kwamba hotpoti ni friji. Hotpoti siyo friji jamani, hotpoti inashika joto na likishuka likawa uvuguvugu ndo unawafugia bakteria humo ndani. Wataalamu wa chakula wanasema kati ya nyuzi 5 na 60 ndo wanapozaliana vizuri, na chakula kilichopikwa kinachoharibika upesi kisikae humo zaidi ya saa mbili, kama hali ya hewa imezidi nyuzi 32 basi ni saa moja tu. Sasa gari iliyosimama juani Chalinze au Mikumi unafikiri ndani kuna ngapi. Na wali hata usio na nazi ni mkorofi, ukikaa kwenye uvuguvugu unaleta tumbo, na tumbo la kuharisha katikati ya mbuga sitaki hata kulielezea.

Vinavyovumilia ni vikavu. Chapati ndo mfalme, zipikwe jioni zipoe kabisa kabla ya kufunikwa, ukizifunika za moto zinatoa jasho zinalowa na zinaharibika upesi. Mayai ya kuchemsha na maganda yake, usimenye nyumbani, ganda ndo kifungashio, ila yakae kwenye deli la barafu. Chumvi na pilipili vifunge kwenye karatasi. Viazi vitamu vya kuchemsha, maandazi, visheti, karanga za kukaanga, ndizi mbivu ambazo hazijaiva sana maana zikiiva sana zitakuwa uji chini ya siti. Nyama kama lazima iwepo iwe imekaushwa kwenye mafuta ikakauka kweli, bila mchuzi, na iliwe asubuhi hiyohiyo, isisubiri mchana. Kachumbari usikate nyumbani, beba nyanya mbili, kitunguu, ndimu na kisu, unakatia hapohapo.

Vitu vya watu watano vinanitoa kama 20,000 hivi: mayai 15, unga wa chapati kilo mbili na mafuta yake, karanga, ndizi. Chapati kilo mbili ni nyingi, zinabaki mpaka jioni na hilo ndo lengo.

Maji usiyanunue njiani chupa moja moja, hapo ndo hela inachuruzika bila kelele. Beba dumu la maji ya kunywa la kwenye gari na kila mtu awe na chupa yake ya kujaziwa. Alafu chupa tatu nne za lita moja na nusu ziweke friza usiku uliopita, usizijaze mpaka juu maana barafu inavimba, asubuhi zipange kwenye deli la barafu pamoja na maziwa ya watoto au mtindi. Zinakaa barafu mpaka mchana na zikiyeyuka ni maji ya baridi ya kunywa, hujanunua barafu wala soda. Soda tumeruhusu moja kwa mtu kwa siku na wanaijua ratiba.

Kuna wanaobeba na mtungi mdogo wa gesi ili wapike njiani. Mi sishauri, gari imefungwa vioo, joto, mtungi unagongana na vitu kwenye buti, alafu unapikia wapi, pembeni ya lami malori yanapita yanakupeperushia vumbi kwenye sufuria? Chupa mbili za chai zinatosha, moja maji ya moto matupu kwa ajili ya uji wa mtoto mdogo, nyingine chai ya rangi. Ukisimama mahali unaomba wakuongezee maji ya moto, mara nyingi ni bure au mia tano ukiwa umenunua kitu kingine.

Na beba vyombo vyenu: sahani za plastiki tano, vijiko, bakuli moja kubwa, kitambaa kibichi kwenye kopo la kunawia, na vikapu viwili au mifuko ya kitambaa. Hii ya mifuko wengi wanasahau, rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo ukinunua nyanya au machungwa utauziwa na mfuko juu, kila mahali, na mwisho wa safari una mifuko kumi.

Fuata malori, usifuate mabasi

Hii ndo siri yenyewe kama kuna siri. Basi likisimama hotelini abiria wana dakika 15 au 20, hawana muda wa kuuliza bei wala kuvuka barabara kutafuta pengine, konda anapiga kelele, kwa hiyo ile hoteli inauza kwa mtu ambaye hana pa kwenda na bei yake imekaa hivyo. Siwalaumu, ni biashara, wana vyoo safi na watoto wakitaka kujisaidia mi nasimama palepale, nalipia choo au nanunua chai moja, tunaondoka. Ila kuku robo na chips vya 10,000 kwa sahani, mara tano, hapana.

Dereva wa lori yeye anapita njia hiyo kila wiki, posho yake ni ileile, akila vibaya ataumwa akiwa Tunduma peke yake. Mahali ambapo malori yamejipanga kumi na tano mchana, kuna mama anapika vizuri na kwa bei ya kawaida. Utayaona Chalinze, utayaona Ruaha Mbuyuni, Ilula, Mafinga, Makambako. Na karibu na mizani pia, maana wanasubiri zamu ya kupima na kusubiri kunaleta njaa.

Siyo kila kibanda lakini. Mi naangalia vitu vichache kabla sijazima gari. Sufuria liko jikoni linachemka au chakula kimekaa kwenye beseni tangu asubuhi? Sahani zinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa au beseni moja limekuwa supu? Kuna maji ya kunawa? Wanaokula ni wa palepale, bodaboda, fundi, mwalimu? Watu wa palepale hawarudi kwa mtu aliyewaharisha. Muda nao, ukifika saa sita na nusu saa saba chakula ndo kimeshuka jikoni, ukifika saa kumi unakula mabaki ambayo yameshapoa na bei haijashuka.

Alafu uliza bei kabla hamjakaa. Ukishakaa na watoto wameshanawa mikono huna nguvu tena ya kuondoka. Wanaume wengi tunaona aibu kuuliza, tunajifanya tuna hela, af baadae unalipa unanuna mpaka Igawa. Shuka mwenyewe, familia ibaki kwenye gari, salimia kwa heshima, "shikamoo mama", kama ni Iringa ukiitupia "kamwene" moja unaona uso unafunguka. Kisha:

"Mama wali nyama shingapi?"
"Elfu tatu baba, na maharage elfu mbili."
"Na watoto watatu wadogo, naomba unipakulie sahani mbili unigawie kwenye tatu."
"Hamna shida, lete watoto, jua kali hilo."

Umeona. Watoto wa miaka minne mpaka tisa hawamalizi sahani ya mama ntilie, ile imepimwa kwa mbeba mizigo. Sahani mbili kwa watoto watatu, mbili za wakubwa, jumla nne, 12,000 na wote mmeshiba, na mara nyingi mchuzi na mboga za majani unaongezewa bure ukiomba vizuri. Bei hizo zinapanda na kushuka kutegemea mahali na msimu, mwezi wa kumi na mbili zinachangamka, ila utofauti na hoteli ya basi unabaki palepale.

Kwa upande wa Pwani kipindi cha Ramadhani jipange tofauti kabisa. Kuanzia Kibaha mpaka Chalinze na hata Moro mama ntilie wengi mchana hawafungui, usitegemee kupata wali saa saba, beba vya kwenu na mle kwa staha ndani ya gari. Ila ukipita wakati wa magharibi, jua likizama, utabarikiwa, futari ya mihogo, viazi, tambi na uji wenye pilipili manga, kwa hela ndogo mnakula mpaka mnasinzia.

Njia yenyewe, kipande kwa kipande

Asubuhi Moro usiingie stendi ya Msamvu kutafuta chai, pale bei ni ya abiria. Tafuta kibanda cha supu na chapati pembeni kidogo. Sisi tunaagiza bakuli mbili za supu tunagawana, chapati tunatoa zetu. Hakuna aliyewahi kunikataza kula chapati yangu na supu yake, naomba tu ruhusa kwanza, na nalipa na chai za hapohapo ili na yeye apate.

Kabla ya Mikumi hakikisha kila mtu ameshakula na ameshachimba dawa. Barabara inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50 na mwendo ni wa taratibu, kwa hiyo ni kama saa nzima hushuki. Ukigonga mnyama faini yake inaweza kuzidi bajeti yako ya safari nzima, twiga siyo mbuzi. Na nyani wa pale wamezoeshwa vibaya, watu wanawarushia ndizi, hairuhusiwi na ni hatari, nyani akishajua gari lina chakula ataingia dirishani kuchukua mwenyewe. Maganda yote yanabaki kwenye mfuko ndani ya gari mpaka mtoke hifadhini, kutupa taka mle nako ni faini. Mji mdogo wa Mikumi wenyewe uko baada ya hifadhi, panapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara, kuna vyakula vya kawaida tu na ndo mahali pazuri pa kula mapema kama watoto wamekubana.

Ruaha Mbuyuni ni vitunguu na mibuyu. Joto kali. Hapa vijana watakuja dirishani na vitunguu kwenye wavu na pakiti za ubuyu. Ubuyu nunua, ni wa bei ndogo na watoto watanyamaza nao kwa muda mrefu maana kokwa inamumunywa taratibu. Vitunguu usinunue wakati wa kwenda, ntakwambia mbele.

Hapa ndo huwa tunakula mchana, au tunasogea Ilula. Lakini sikiliza, kabla ya kuanza kupanda Kitonga hakikisha gari ina maji na kitu cha kula, hata kama mna haraka. Ule mlima lori likifeli kwenye kona njia inafungwa. Sisi tumeshakaa pale kama saa nne, mbele lori, nyuma lori, pembeni korongo, na wauza mahindi walipanda bei kila nusu saa kama soko la hisa. Gari la mbele yetu walikuwa na soda tu. Tuliwagawia chapati na mayai, mama mmoja mtu mzima alikuwa ana sukari na alikuwa hajala tangu Moro. Kwa hiyo chapati zile za ziada siyo uroho.

Ilula ni nyanya, kila upande nyanya. Iringa mjini kupo juu mlimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo, na watu wengi wanaona uvivu kupanda. Kama mnalala pandeni, mjini bei ya chakula ni ya wakazi na kuna soko. Baridi inaanza hapo kwa hiyo uji wa moto na maziwa vinapendeza, mtindi wa Asas kiwanda chake kiko hapohapo Iringa kwa hiyo unaupata mpaka dukani mtaani. Ukichukua gesti uliza swali moja kabla ya kulipa: bei ni pamoja na chai? Na chai ya watu wangapi? Nyingi zinatoa chai ya watu wawili kwa chumba, yenye yai na chapati au supu, na ukiwa na vyumba viwili umeshalisha watu wanne bure. Gesti ya 5,000 pungufu isiyo na chai ni hasara kwako, piga hesabu.

Mafinga na Makambako nitapita haraka maana ni baridi, mahindi ya kuchoma, viazi, parachichi za upande wa Njombe zikiwa msimu, na chai. Parachichi mbili na chapati iliyobaki na chumvi ni chakula cha jioni kamili, usidharau. Kuanzia Igawa, Chimala, Igurusi huko unaingia nchi ya mpunga ya Usangu, wali wa mama ntilie hapa ni mtamu kuliko wa Dar na mara nyingi ni rahisi zaidi. Kama una uwezo wa kuvumilia, vumilia ule wali huku.

Wale wa njia nyingine: Dodoma na Singida mambo ni yaleyale, Gairo kuna viazi vitamu vizuri, Singida kuku wa kienyeji ila mmoja mzima mgawane, usiagize robo robo. Njia ya Moshi machungwa yanaanza Mkata mpaka Korogwe, na Mombo kuna matunda ya Lushoto.

Dereva ana menyu yake

Hili nililijifunza kwa kuogopa. Nilikula ugali wa dona na nyama choma Mbuyuni saa nane, nikashiba mpaka nikafungua mkanda, baada ya dakika 40 nilikuwa kwenye kona za juu macho yanafunga. Waifu alinipiga kofi la bega. Mchana baada ya kula mwili wenyewe unataka kulala, na ukiushindilia ugali mkubwa unazidi, kwa hiyo mimi mchana nakula nusu, wali kidogo na maharage na mboga, kisha karanga na matunda kidogokidogo njiani. Kula kwangu kwa nguvu ni tukishafika na gari imezimwa. Imekuwa na faida ya hela pia maana sahani yangu namalizana nayo na mtoto mkubwa.

Pombe sizungumzii. Ukifika Iringa utaoneshwa ulanzi, ni mtamu, beba hamu yako mpaka utakapofika.

Watoto na hela ya dirishani

Ile 21,000 ya vitu vya dirishani niliitibu kwa njia moja tu. Asubuhi kabla hatujatoka kila mtoto anapewa buku mbili zake mkononi, ni zake, anunue chochote njia nzima, zikiisha zimeisha na asiponunua anabaki nazo. Aisee wale watoto wakawa wabahili kuliko Mpemba wa dukani. Yule wa kati alifika Tukuyu na 1,500, alinunua kashata tu. Zamani kila kibanda ilikuwa "baba naomba ile", saivi wanaulizana wenyewe "hiyo ni shingapi, aaa ghali".

Kwa sisi wakubwa ukinunua dirishani: gari itoke nje ya lami kabisa kwanza, hao vijana wanakimbia katikati ya magari kwa sababu sisi tunasimama barabarani. Shika bidhaa uikague kabla hujatoa hela, na usitoe noti ya 10,000 kwa kitu cha jero kama gari ina haraka, chenji itakimbizana na wewe. Badilisha hela ndogondogo Dar kabla ya kutoka.

Kurudi ndo kununua

Wengi wananunua wakati wa kwenda kwa sababu ndo wana hela na furaha. Matokeo yake unabeba ndoo ya nyanya za Ilula mpaka Tukuyu, mahali ambapo wakwe wana nyanya zao, na zimeshapondeka. Wakati wa kwenda nunua cha kula siku hiyo tu. Wakati wa kurudi nunua cha kula nyumbani mwezi mzima, hapo ndo safari inakurudishia hela: ndizi za Tukuyu mbichi mkungu mzima, mchele wa Kyela au wa Mbarali, viazi Makambako, nyanya kidogo Ilula, vitunguu Mbuyuni. Mchele nautoa mezani kabisa kabla ya kulipa, nautia mkononi niangalie chenga na mawe. Nyanya za ndoo zinamwagwa kwenye kikapu chako mbele ya macho yako, maana juu wanapanga nzuri na chini unakuta za kupikia rojo. Akikataa kumwaga nenda kwa jirani yake, wako hamsini. Vitunguu chagua vilivyokauka shingo, kilicho na shingo mbichi kinaoza kabla ya wiki mbili.

Mzigo mzito weka chini na mbele ya buti, usijaze juu mpaka usione kioo cha nyuma, na usizidishe uzito eti kwa sababu mchele ni rahisi, gari ikikalia matairi petroli inakula ile faida yote na Kitonga unashuka na breki za moto.

Vitunguu sisi tunafunga juu ya keria kwenye wavu wake, vinapata hewa. Mwaka mmoja tuliviweka ndani chini ya miguu ya mama mkwe, alikuwa anakuja Dar kutembea, hakusema neno njia nzima, tulipofika Kimara akashuka akajifuta machozi na kanga akasema wanangu nimewamiss ila hivi vitunguu mkavitoe kwanza.